Rangi ya kanga imehamia kwenye hariri: maswali yenu na majibu

Nimeloweka kanga mpya nyekundu pamoja na blauzi yangu nyeupe ya hariri, blauzi imetoka pinki. Nifanyeje?

Pole sana dada. Cha kwanza usiianike wala usipige pasi, maana ikishakauka na kupata joto hiyo rangi inang'ang'ania. Iweke kwenye maji mengi ya baridi na shampoo kidogo, maji yakiwa mekundu mwaga weka mengine, endelea hivyo mpaka yatoke safi, na tafadhali usisugue wala usiikamue kwa kuipinda, hariri ikilowa inakuwa dhaifu. Ikibaki na upinki nenda famasi ukanunue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ichanganye na maji nusu kwa nusu, jaribu kwanza kwenye pindo kwa ndani, halafu loweka huku unaichungulia kila baada ya dakika chache, doa likiisha suuza vizuri. Ni kwa nguo nyeupe tu jamani, ya rangi itapauka.

Si ningeweka tu Jik?

Kwenye hariri na sufu hapana kabisa! Hizo ni protini kama nywele zako na Jik inakula protini, kitambaa kinageuka njano, kinakakamaa, mwisho kinatoboka. Na mnaochanganya Jik na siki ili iwe kali acheni leo, inatoa gesi ya klorini, mtaumia mapafu.

Hina imedondokea mtandio wangu wa hariri na harusi ni wiki ijayo.

Hapa nakuambia ukweli, hina inashika hariri kama inavyoshika nywele na kucha. Ikiwa bado mbichi iinue kwa kijiko bila kuipakaza, geuza kitambaa umimine maji baridi kwa nyuma ili doa lirudi lilikotoka. Ikishakauka mpelekee dobi wa drai klina, mwambie wazi ni hina asije akabahatisha, ila tafuta na mtandio mwingine wa akiba.

Chumvi inafunga rangi ya kanga?

Hapana. Kanga ilishatiwa rangi kiwandani, chumvi ya kwenye ndoo haiongezi kitu. Ifue peke yake mara za mwanzo, na kabla hujaichanganya na nguo nyingine lowesha kona uikandamize na kitambaa cheupe, kikipata rangi ujue bado inachuja.