Karoti za asali kwenye mbabula (jiko la makaa): asali ije mwisho

Jumapili ile wakwe walipokuja, karoti zangu zilitoka nyeusi nje, mbichi ndani. Nyeusi kweli, kama mawe ya volkano tunayojengea kuta za parsele hapa Goma. Mama mkwe alichoma moja kwa uma, akaitafuna polepole, ikalia kwenye meno kama muwa. Akaniangalia. "Mukwe wangu, hii umeiunguza au umeisahau?" Baba mkwe akajifanya anatafuta chumvi. Mke wangu hakusema neno, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma zaidi.

Nieleze kwanza mwanaume mzima anafanya nini jikoni. Mke wangu anauza vitenge, anarudi nyumbani jua limeshazama. Mimi nafundisha asubuhi, saa nane mchana niko nyumbani na watoto wanne wenye njaa. Majirani walianza kusema nimelishwa dawa. Waseme, watoto wamekula.

Karoti zile nilikuwa nimeziona kwenye simu: zinang'aa kama viatu vya Pasaka, asali inateleza juu yake. Nikasema hili ni jambo dogo. Nikakata karoti, nikachanganya na asali na mafuta kwenye beseni, nikajaza sinia hadi pomoni, nikasukuma ndani ya furu, yaani oveni, kwa nyuzi 200, nikaenda kupiga pasi shati. Makosa yangu yote yamo ndani ya sentensi hiyo moja, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikiyafungua moja baada ya jingine.

Kubwa kuliko yote ni kuweka asali mwanzoni. Karoti inahitaji nusu saa hivi au zaidi kwenye moto ili iive. Asali haina subira hiyo. Ndani yake kuna sukari ya matunda kwa wingi, na sukari hiyo huanza kubadilika rangi kwenye nyuzi 110 hivi, wakati sukari nyeupe ya chai husubiri hadi karibu 160. Kwa hiyo ukiiweka asali mwanzo kwenye furu ya nyuzi 200, itapita kahawia, ifike nyeusi, ianze kuwa chungu, na karoti yenyewe bado ni mbichi katikati. Mboga iive kwanza, ishike rangi yake yenyewe, halafu asali ije dakika za mwisho, kama bibi harusi anayeingia ukumbini wageni wameshakaa.

Kosa la pili lilikuwa maji. Mboga ni mfuko wa maji, na maji hayawezi kupita joto lake la kuchemka. Hapa kwetu, kwa kuwa tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu. Maana yake ni kwamba maadamu uso wa karoti umelowa, karoti haiokwi, inachemshwa. Ukizirundika kwenye sinia, mvuke wa moja unamlowesha jirani yake, na wote wanabaki wamepauka na kulegea. Nilikuwa nimejaza kilo mbili kwenye sinia la kilo moja. Zile za juu ziliungua kwa asali, zile za chini zikaoga.

Sasa niseme ninavyofanya leo, nikianzia sokoni, kwa sababu karoti mbaya haitengenezwi na asali. Mimi nanunua soko la Virunga, mapema, wakati chukudu, zile baiskeli za mbao, zinashuka na magunia kutoka upande wa Kibumba. Usivutiwe na karoti nene kama mkono wa mtoto. Hizo katikati zina mti mgumu usio na utamu. Tafuta zenye unene wa dole gumba, zinazovunjika kwa mlio ukizikunja. Zikijikunja bila kuvunjika, zimeshalala sokoni siku nyingi. Na usisahau kudai matabisi. "Mama, niongeze kidogo, mimi ni wa kila wiki." Atalalamika, ataongeza mbili. Siku moja aliniuliza, "Papa, mama wa nyumbani anaumwa?" Nikamwambia hapana, ni mzima kabisa, yuko kazini. Akacheka, akaongeza ya tatu.

Kwa watu sita ninachukua karoti kilo moja, vitunguu vyekundu vitatu, na mara nyingine beterave (bitiruti) mbili. Karoti naziosha, nazikwangua, nazipasua kwa urefu, kila moja vipande viwili au vinne kufuatana na unene. Jambo la maana ni vilingane. Halafu nazifuta kwa kitambaa kikavu. Najua inaonekana kama kazi ya mtu asiye na kazi, lakini fanya hivyo mara moja tu uone tofauti. Mafuta vijiko vitatu vya mezani, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga kidogo, basi. Chumvi iingie dakika ile ile unapopeleka kwenye moto. Ukiitia mapema itavuta maji nje, na utakuwa umefuta bure.

Beterave ni mambo yake pekee. Ninaichemsha nzima na ganda lake mpaka kisu kipenye, nalitoa ganda kwa kusugua na vidole chini ya maji, ndipo naikata na kuiweka pembeni mwa sinia, mbali na karoti, la sivyo kila kitu kinakuwa chekundu. Na waonye watoto. Kijana wangu wa miaka saba alikula nyingi jioni, asubuhi akatoka chooni analia kwamba anakojoa damu. Kwa watu wengine rangi ya beterave inapita hivyo hivyo, haina madhara yoyote. Lakini mimi nilikuwa nimeshavaa viatu kwenda hospitali.

Tuje kwenye moto. Wenye furu na umeme usiokatika, mna raha: pasha furu nyuzi 210 na sinia likiwa ndani, ili karoti zikimwagwa juu yake zilie chaaa. Zipange mstari mmoja, zisipandane. Dakika ishirini na tano, ukigeuza mara moja. Mimi umeme ulinikatikia mara mbili katikati ya kazi, mara ya pili nikaachana na furu, nikarudi kwenye mbabula. Huku kwetu makaa tunayaita makala, kwa hiyo mnisamehe, haya ni makala juu ya makala.

Namna hii si yangu. Kila mama aliyewahi kupika keki bila furu anaijua: moto chini, moto juu. Chukua sufuria nzito, ile ya kusubu, yenye mfuniko bapa. Sufuria nyembamba itaunguza mahali pamoja na kuacha kwingine. Washa makala hadi yote yawe mekundu na kushika majivu, kisha yagawe: theluthi moja ibaki chini, theluthi mbili ziende juu ya mfuniko. Wengi wanafanya kinyume, wanaweka mengi chini, ndiyo maana keki zao zina kisigino cheusi. Pasha sufuria tupu dakika tano kabla ya kutia mboga. Halafu, na hapa ndipo karoti inapotofautiana na keki, kila baada ya dakika nane au kumi inua mfuniko kwa koleo, uache mvuke utoke, ugeuze vipande, ufunike tena. Mvuke wa kwanza utakupiga usoni kama umefungua chungu cha viazi. Wa pili ni mdogo. Mara ya tatu hakuna mvuke tena, kuna harufu, na ukitega sikio sauti imebadilika: ile ya kububujika imekwisha, imebaki ya kukaanga. Hapo ndipo karoti inaanza kuokwa kwa kweli. Kwa makala yangu huwa inafika dakika thelathini na tano, wakati mwingine arobaini.

Mbabula ibaki nje, au kwenye jiko lililo wazi pande mbili. Najua usiku wa Goma una baridi na moto unavutia, lakini makala yanayofukuta ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, inaua watu usingizini. Hili sifanyii mzaha.

Wakati karoti zikiendelea, tengeneza ule mng'ao kwenye kikaango kidogo. Asali vijiko vitatu vya mezani, siagi kijiko kimoja, kipande cha tangawizi kilichokunwa, pilipili kiasi cha kuwasha ulimi bila kuwatoa watoto machozi. Moto mdogo. Mwanzoni itatoa povu jembamba jeupe, kama la sabuni. Usiondoke. Baada ya dakika mbili hivi mapovu yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka polepole. Dondosha tone moja kwenye sahani baridi, uinamishe sahani. Likikimbia kama maji, bado. Likitembea kama mzee anayepanda mlima, epua. Ndipo utie ndimu, kijiko kimoja na nusu, nje ya moto, maana ndimu ikichemshwa inapoteza ile harufu yake ya juu. Asali peke yake inachosha. Ndimu ndiyo inayomfanya mtu arudishe uma kwenye sahani kuchukua nyingine.

Kuna jirani yangu ambaye badala ya ndimu anatia maji yaliyochujwa ya marakuja (pasheni) mawili. Nilimbishia, nikajaribu, nikanyamaza. Ila maji hayo ya marakuja yatailegeza asali, kwa hiyo yachemshe pamoja na asali tangu mwanzo mpaka yazidi kuwa mazito. Tunda la prini ya Japani nalo nimelijaribu, ikawa na uchungu kidogo mwishoni, sikurudia.

Karoti zikiwa zimekubali kisu na kingo zake zimeshika kahawia, mwaga ule mchanganyiko juu, geuza kwa kijiko cha mti mpaka kila kipande kivae, rudisha kwenye moto dakika tano. Saba ikizidi sana. Kwenye mbabula ninaondoa makala ya chini kabisa kwa hatua hii, nabakiza ya juu tu. Simama hapo hapo. Simu ikilia, iache ilie.

Kama huna saa nzima, kuna njia ya bibi yangu. Wakati wa Wabelgiji alisoma foaye sosiali kule Bukavu, walikofundisha wanawake kushona na kupika kizungu, na hadi uzeeni aliziita "karoti za masista". Anazikata vipande vya mviringo, anaziweka kwenye sufuria pana na siagi, sukari kijiko kimoja, chumvi, na maji yasiyofika kuzifunika. Zinachemka bila mfuniko mpaka maji yote yakauke, na kinachobaki chini, siagi na sukari, kinazivika kama rangi ya kucha. Haziwi na ile ladha ya kuchomwa, mimi naona zimepungukiwa kitu, lakini dakika ishirini na tano zimekwisha. Ukizipika huku juu kwetu ongeza dakika kidogo kuliko vitabu vinavyosema, kwa sababu ya zile nyuzi 95.

Nyumbani tunakula na bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga, au viazi na nyama ya mbuzi. Mke wangu anadai na sombe (kisamvu) haviendani, mimi nakula tu. Mwenye mtoto asiyefikisha mwaka mmoja amtengee karoti zisizo na asali, hata kidogo. Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana navyo, na kuipasha hakuviui. Yule wa kwetu wa mwisho tulikuwa tunamtolea vipande vyake kabla sijamwaga asali, tunavisaga na siagi kidogo. Siagi au mafuta usimnyime: ile rangi ya njano ya karoti, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inaingia vizuri mwilini ikiwa na mafuta.

Zikibaki, usizipashe upya kwenye moto mkali, asali itaungua safari hii hata kama uliponea ya kwanza. Fanya kama mama mkwe. Jumapili ile, nilipoinuka kwenda kuzimwaga zile karoti zangu nyeusi, alinizuia mkono, akaomba kisu, akakwangua weusi wote, akazikatakata ndogo ndogo na kuzitumbukiza kwenye maharagi yaliyokuwa yanachemka kwa ajili ya jioni, pamoja na puaro (liki) na seleri. Yale maharagi yaliisha kabla ya bugali.