Zile dola kuukuu: zipime, usizisugue

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeipata pamoja na picha. Umeuliza zile sarafu tisa za dola ya Marekani zilizokuwa ndani ya kisanduku ulichonunua kwenye mauzo ya vitu vya marehemu huko Columbus zina thamani gani, na kama uzing'arishe kwanza. Nianze na hilo la pili: usizisugue kabisa, si kwa dawa ya meno, si kwa ukwaju, wala kwa kitambaa kikavu. Ukiutoa ule weusi, unaondoka na ngozi ya sarafu, na mnunuzi mzoefu akiigeuza chini ya taa ataona mikwaruzo myembamba. Bei hushuka papo hapo, na hakuna dawa ya kuirudisha. Zishike ukingoni tu.

Kisha zitenge. Zile za Morgan, zilizopewa jina la mchoraji wake, zenye kichwa cha mwanamke mbele na tai nyuma, ni za 1878 hadi 1904, halafu 1921. Za Peace, zenye mwanamke mwenye taji la miale, ni za 1921 hadi 1928, kisha 1934 na 1935. Zote hizo ni gramu 26.73, upana milimita 38.1, fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10. Ndani yake mna wakia 0.7734 za fedha safi. Zidisha kwa bei ya siku: fedha ikiwa dola 30 kwa wakia, sarafu moja ina fedha ya dola 23.20. Hicho ndicho kima cha chini cha kukisimamia. Angalia lakini, wakia ya masonara ni gramu 31.1, si ile ya dukani ya gramu 28.35. Wengi hupotea hapo.

Ile yenye kichwa cha Rais Eisenhower, ya 1972, itazame ukingoni. Ukiona mstari wa shaba na mizani ikasoma gramu 22.68, haina fedha. Zenye fedha asilimia 40 zina uzito wa gramu 24.59 na herufi S juu ya mwaka. Lakini usiiamini S peke yake, kwani nyingine zenye S hazina fedha hata chembe. Zile ndogo zenye sura ya Susan B. Anthony, mtetezi wa haki za wanawake, nyingi ni dola moja tu, zitumie.

Sasa mwaka. Ukongwe pekee hauleti bei. Morgan ya 1921 ya Philadelphia zilitengenezwa zaidi ya milioni 44, ilhali Peace ya 1928 ya kiwanda hichohicho ni 360,649 tu, nayo huuzwa ghali mno kuliko ile. Kwa hiyo tafuta alama ya kiwanda. Kwenye Morgan iko upande wa tai, chini ya shada, juu ya herufi D na O za neno DOLLAR: CC ni Carson City, O ni New Orleans, S ni San Francisco, na pasipo herufi ni Philadelphia. Morgan ya 1889 bila herufi ni ya kawaida. Yenye CC zilitengenezwa 350,000 tu, na ndiyo maana walaghai hubandika hizo herufi. Tumia lenzi ya mara kumi, uinamishe sarafu, utazame shina la kila C. Ukiona ufa mwembamba au rangi tofauti pale herufi inapokutana na uso, achana nayo.

Kupima kama ni fedha kweli, sumaku haitoshi, maana bandia nyingi hazivutwi nayo. Weka glasi ya maji kwenye mizani ya masonara, iliyo sahihi hadi gramu 0.01, uirudishe sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba, izame yote bila kugusa kitako wala kubeba kiputo cha hewa, kwani kiputo kimoja huharibu hesabu. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba unayoiona: 26.73 kwa 2.59 ni takriban 10.3. Ukipata 8.9, si fedha asilimia 90. Ikaushe kwa kuigandamiza na karatasi laini, bila kufuta. Sarafu inayong'aa kama mpya usiitie majini.

Uchakavu utazame kwenye nywele juu ya sikio na kifua cha tai. Manyoya yakionekana moja moja, bei inapanda. Ukilinganisha bei, fuata zilizouzwa kweli mnadani, si zinazoombwa. Kupeleka PCGS au NGC, kampuni za kukagua sarafu na kuzipa daraja, kuna ada, na Morgan ya 1921 iliyochakaa hailipi ada hiyo.

Ya 1889 umenitumia upande wa mbele tu. Nipigie picha ya nyuma, mchana, karibu na dirisha, kabla hujaionyesha kwa mnunuzi yeyote.

Baba yako