Kabla ya Kupaka Rangi, Tafuta Maji Yanakotoka

Barua za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, mikoa ambayo mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Nimezitanguliza kwa sababu kazi zinazoulizwa humu ni za kiangazi, na anayezianza sasa atazimaliza kabla mawingu hayajarudi.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninaishi Ujiji katika nyumba ya matofali ya kuchoma aliyotuachia marehemu baba. Ukuta wa sebule unaotazama mlimani hubambuka rangi na lipu kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiti. Nimeupaka rangi mara tatu katika miaka minne. Mara ya mwisho muuza duka alinishauri nitumie rangi ya mafuta, lakini sasa unyevu umepanda hadi karibu na dirisha. Je, nitumie rangi gani ili tatizo hili liishe? Mama wa watoto wanne, Ujiji.

JIBU: Mama, pole sana kwa gharama ulizokwisha kuingia. Ninakuomba usinunue rangi yoyote kwa sasa, kwa sababu ukuta wako hauumwi ugonjwa wa rangi. Unakunywa maji kutoka ardhini, kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa, na maji hayo hupanda ndani ya matofali hadi yapate mahali pa kutokea. Rangi ya mafuta iliyaziba njia ya kutokea pale chini, nayo yakapanda juu zaidi kutafuta nyingine, na ndiyo maana leo unayaona karibu na dirisha.

Pitisha kidole mahali palipobambuka. Ukikuta unga mweupe, laini, wenye ladha ya chumvi ukiugusa kwa ncha ya ulimi, basi huo ndio unaoangusha lipu yako. Maji yanapopanda hubeba chumvi iliyomo ardhini na katika matofali yenyewe, na yanapokauka huiacha nyuma ya rangi, ambako hugeuka chembe ngumu zinazovimba na kusukuma lipu nje. Ukitaka kuwa na hakika zaidi, kata kipande cha nailoni chenye upana wa sentimita 30 kila upande, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi huku kingo zote nne zikiwa zimezibwa, kisha ukiache siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa ndani, uliogusana na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, unatoka hewani na dawa yake ni kufungua madirisha.

Sasa toka nje ukautazame ukuta huo kwa upande wa mlimani. Katika nyumba nyingi za zamani zilizojengwa kwenye miteremko, udongo huletwa na mvua kidogo kidogo kila mwaka, ua hufagiliwa kuelekea ukutani, na baada ya miaka ishirini au thelathini ardhi ya nje inakuwa juu kuliko sakafu ya ndani bila mtu yeyote kutambua. Ninashuku hicho ndicho kilichoipata nyumba ya marehemu mzee. Chimba na uondoe udongo huo hadi uwe chini ya usawa wa sakafu kwa sentimita 15 au zaidi, lakini usifikie kitako cha msingi. Ukiona mawe ya chini kabisa ya msingi yameanza kuwa wazi, simama na umwite fundi mwashi. Kisha upe uwanja mwinamo wa kuyaondoa maji ukutani, kiasi cha sentimita 5 kwa kila mita moja, na juu zaidi, upande wa mlima, chimba mfereji wa kuyapokea maji ya mteremko na kuyazungusha hadi nyuma ya nyumba, pasipo kumwelekezea jirani. Maji ya mchirizi yanayodondoka toka kwenye bati nayo yanarukia ukuta. Gata litakusaidia, na tenki likiwepo utapata maji ya kufulia.

Ukimaliza kazi ya nje, bandua lipu yote iliyooza hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, hata kama sehemu hiyo ya juu inaonekana nzima, kwa kuwa chumvi imekwisha kufika huko. Sugua matofali kwa brashi kavu ya waya na uukusanye ule unga uutupe mbali. Usiuoshe kwa maji, kwani utairudisha chumvi ndani. Halafu uache ukuta wazi miezi miwili au mitatu ya kiangazi. Najua kukaa na sebule ya namna hiyo mbele ya wageni ni karaha, lakini hapa ndipo watu wengi hukosa subira na kupoteza kazi yote.

Kwa lipu mpya, usikubali mchanganyiko mkali wa saruji tupu, ambao ni mgumu kuliko matofali yako na hauruhusu ukuta kupumua. Changanya kipimo 1 cha saruji, 1 cha chokaa na 6 vya mchanga. Kwa eneo la mita 4 kwa mita 1, unene wa milimita 15, utahitaji takriban ndoo 4 za lita 20 za mchanga, na zaidi kidogo ya nusu ndoo ya saruji na ya chokaa. Mchanga uupime kwanza: jaza chupa angavu ya maji ya kunywa hadi katikati kwa mchanga, ongeza maji na chembe za chumvi, tikisa kwa nguvu, kisha uiache saa tatu. Tope litatua juu ya mchanga kama utando wa kahawia. Katika mchanga wa kimo cha sentimita 10, utando ukizidi milimita 8, tafuta mchanga mwingine au uuchekeche na kuuosha. Vaa glavu na miwani, maana chokaa na saruji huunguza ngozi, na vikiingia jichoni osha kwa maji mengi safi mara moja na uende hospitali. Nyunyizia lipu maji asubuhi na jioni kwa siku 7, iache ikauke wiki nne au zaidi, ndipo upake rangi ya maji.

SWALI: Bati letu linavuja mahali pa misumari, hapa Mwanga, Kigoma. Nimeambiwa niezue lote. Je, ni lazima?

JIBU: La, si lazima, ikiwa bati lenyewe halijaliwa na kutu. Angalia kama misumari ilipigwa kwenye mgongo wa bati au kwenye bonde lake. Nyumba yangu mwenyewe iliezekwa na fundi aliyepiga misumari mabondeni, mahali ambapo maji hupita, na kila masika tulikuwa tukihamisha vitanda usiku. Nilitumia kiangazi kizima kuirekebisha. Ng'oa msumari mmoja mmoja, ziba tundu la bondeni kwa kipande cha bati kilichopakwa lami chini yake, kisha funga skrubu yenye mpira kwenye mgongo. Ikiwa msumari uko mgongoni tayari na kilichochakaa ni mpira tu, badilisha kwa skrubu nene kidogo. Panda asubuhi kabla bati halijawaka, mtu mmoja akishikilia ngazi, na ukanyage tu juu ya mistari ya misumari, kwa kuwa chini yake ndiko kuliko na papi, yaani zile mbao zinazobeba bati.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa Tabora mjini. Mchwa wamekula fremu ya mlango wa nyuma, na jirani ananiambia nipake oili chafu ya magari. Unasemaje?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Oili chafu isiingie ndani ya nyumba mnamolala. Haipenyi mbali ndani ya mbao, huchochea moto, hutoa harufu kwa miezi, na ikimwagika karibu na kisima huharibu maji mnayokunywa.

Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu na usikilize. Mlio mzito ni mbao nzima; mlio wa kibuyu kitupu ni mbao iliyoliwa. Fuatilia vijia vya udongo hadi mahali vinapotokea ardhini, maana huko ndiko mchwa wanakoingilia. Vibomoe, uondoe kuni zilizoegeshwa ukutani, na utumie dawa ya mchwa ya dukani kwa kufuata maandishi ya kibandiko, mbali na kisima. Mbao iliyoliwa ikatwe na ibadilishwe.

Nawe uko Tabora, katika nchi ya miombo, kwa hiyo utaambiwa kwamba mninga hauliwi na mchwa. Hilo ni kweli kwa moyo wake wa kahawia. Ule ukanda mweupe wa pembeni, ulio karibu na gome, huliwa kama mbao nyingine yoyote, na wauzaji huuacha ili ubao uwe mpana. Geuza kila ubao pande zote nne kabla ya kulipa, uliza kama umevunwa kwa kibali, na miguu ya fremu uisimamishe juu ya zege, isiguse udongo.