Maswali ya Wasomaji: Kukanusha Kauli ya Kutendwa katika Kiingereza

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni karani katika ofisi moja hapa Dodoma, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandika barua kwa Kiingereza. Sentensi za kutendwa zilizo yakinishi hazinisumbui. Taabu huanza ninapotaka kukanusha. Sijui ni lini niandike "The payment was not received" na ni lini niandike "The payment has not been received", kwa kuwa zote mbili naona zina maana ileile. Pia naomba unieleze kwa nini "I was not explained the reason" huhesabiwa kuwa kosa, ilhali kwa Kiswahili tunasema "Sikuelezwa sababu" na hakuna anayeshangaa.

JIBU: Marahaba. Upande wa umbo hauna ugumu mkubwa. Kauli ya kutendwa ya Kiingereza hujengwa kwa kitenzi kisaidizi "be" pamoja na umbo la tatu la kitenzi kikuu, na neno "not" hukaa mara tu baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza, hata kama visaidizi ni vitatu: "is not sent", "is not being sent", "will not be sent", "should not have been sent". Kisaidizi "did" hakina nafasi hapa, isipokuwa katika mazungumzo ambapo "get" hushika mahali pa "be", kama mtu anaposema "We did not get paid". Kwa hiyo "The letter did not sent", ambayo huonekana sana katika madaftari ya wanafunzi, haikubaliki kabisa.

Linalotaka fikra ni wakati, na hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani. Sisi tuna "haikutumwa" na tuna "haijatumwa", na aliyekua na lugha hii hazichanganyi. Anayesema "Barua haikutumwa" anazungumzia muda uliokwisha: ilitakiwa itumwe wakati fulani, wakati huo ukapita. Anayesema "Barua haijatumwa" anazungumzia hali ilivyo mpaka sasa, na msikilizaji anaelewa kwamba huenda ikatumwa leo au kesho. Kiingereza hufanya mgawanyo unaokaribiana sana na huo, "was not sent" ikisimama upande wa "haikutumwa" na "has not been sent" upande wa "haijatumwa". Tofauti ni kwamba Kiingereza hakina kiambishi kama "-ja-" kinachobeba maana ya "bado" ndani ya kitenzi chenyewe, na ndiyo maana mara nyingi huongeza neno "yet": "The letter has not been sent yet."

Sasa rudi kwenye barua yako ya malipo. Ukimwandikia mdaiwa "The payment has not been received", unamwambia kwamba deni lipo na kwamba fedha bado zinasubiriwa. Ukiandika "The payment was not received", msomaji atajiuliza ni wakati gani unaouzungumzia, na ni vizuri umtajie: "The payment was not received by 30 June, and the contract was therefore cancelled." Neno kama "yesterday", au mwaka uliokwisha kupita, haliandamani na "has not been", ukiona umeandika "has not been paid in 2019", badilisha iwe "was not paid in 2019". Ukisitasita, itamke sentensi yako kwanza kwa Kiswahili, kisha usikilize kama kitenzi kimekuja na "-ku-" au na "-ja-".

Sehemu ya pili ya swali lako ina uzito zaidi, kwa sababu hapo Kiswahili, badala ya kukusaidia, kinakupotosha. Lugha yetu humruhusu mtu aliyefikiwa na jambo kuwa kiima cha sentensi kwa urahisi mkubwa: sikuibiwa, hatukuandikiwa, hawakupikiwa, hakusomewa hukumu, sikuelezwa. Kiingereza huruhusu hivyo kwa kundi fulani tu la vitenzi, kama "give", "tell", "pay", "show", "offer", "teach" na "send". Ndiyo maana "I was not given a receipt", "We were not told" na "They were not shown the contract" ni sentensi safi. Lakini "explain", "say", "suggest" na "announce" havimo katika kundi hilo. Vitenzi hivi hutaka jambo lenyewe ndilo liwe kiima, na mtu atajwe baadaye kwa kutanguliwa na "to": "The reason was not explained to me." Kama unataka sentensi ianze na wewe mwenyewe, badilisha kitenzi: "I was not told the reason."

Mfano wa wizi unaonyesha jambo hili vizuri. Mtu aliyeulizwa polisi kama naye ameibiwa hujibu kwa Kiswahili "Mimi sikuibiwa". Akitafsiri neno kwa neno atasema "I was not stolen", na askari anayejua Kiingereza ataelewa kwamba mwizi hakumbeba mtu huyo akaondoka naye. Kitenzi "steal" hupokea kitu kilichochukuliwa, na kitenzi "rob" humpokea mtu aliyechukuliwa kitu. Kwa hiyo alipaswa kusema "I was not robbed" au "Nothing was stolen from me".

Kwa kuwa kazi yako ni barua na matangazo ya ofisi, naongeza jambo ambalo hukuliuliza. Wengi wetu tumefundishwa kwamba "must" ni "lazima", na hivyo tunapotaka kusema "Si lazima fomu hii isainiwe" tunaandika "This form must not be signed". Hilo ni kosa lenye madhara, kwa sababu "must not be signed" maana yake ni kwamba ni marufuku kuisaini. Kinachotakiwa ni "This form need not be signed" au "does not have to be signed". Mwombaji mwaminifu anayesoma tangazo lenye kosa hilo atarudisha fomu bila saini hata pale ambapo saini yake ingemfaa. Nayo "may not be" ina utata wa aina yake: katika kanuni na masharti, "These documents may not be copied" ni katazo, lakini katika maelezo ya kawaida inaweza kumaanisha kwamba huenda nyaraka hizo zisinakiliwe. Katika tangazo ninapendelea "must not be copied", ambayo haina njia mbili.

Angalia pia unapomtaja mtenda. "The window was not broken" inakana kwamba dirisha limevunjwa. "The window was not broken by the driver" inamwondolea lawama dereva, lakini kila asomaye ataelewa kwamba dirisha limevunjika na kwamba aliyelivunja ni mwingine. Katika ripoti ya ajali maneno hayo matatu ya mwisho yana uzito mkubwa.

Kinyume chake, kutomtaja mtenda kunaweza kumnyima mtu haki yake. Barua isemayo "Your file was not forwarded" ni sahihi kisarufi, lakini aliyeipokea hajui ni nani ambaye hakulipeleka jalada, wala hajui amwendee nani. Mimi naona kwamba pale ambapo uzembe wa ofisi umemgharimu mwananchi, ofisi iandike kwa kauli ya kutenda: "We did not forward your file."

SWALI: Mwalimu, katika magazeti ya Kiingereza nasoma mara kwa mara maneno "an official who asked not to be named". Kwa nini "not" imetangulia "to be", na je, maana ingebadilika kama ingehamishwa? Naomba pia kujua kama "All the applicants were not selected" ni sentensi sahihi. Msomaji wa Mombasa.

JIBU: Kitenzi kinapokuwa katika umbo la "to", "not" hutangulia "to" katika maandishi ya kawaida, nasi husema "aliyeomba jina lake lisitajwe". Ukiihamisha "not" kwenda kwenye kitenzi cha kwanza, ukaandika "an official who did not ask to be named", maana inageuka kabisa: ofisa huyo hakuomba kutajwa, lakini hakuomba kufichwa pia, na mwandishi wa habari angeweza kulichapisha jina lake bila kuvunja ahadi yoyote.

Kuhusu waombaji, sentensi hiyo husikika, lakini ina maana mbili: kwamba hakuna hata mmoja aliyechaguliwa, au kwamba baadhi tu ndio waliochaguliwa. Kiswahili hutenganisha "Waombaji wote hawakuchaguliwa" na "Si waombaji wote waliochaguliwa". Katika Kiingereza andika "None of the applicants were selected" kwa maana ya kwanza, na "Not all the applicants were selected" kwa maana ya pili. Usiandike "Any applicant was not selected", kwa kuwa "any" ya namna hii haiwezi kuitangulia "not" inayoitegemea, mahali pake ni pa "no", na kitenzi hubaki bila ukanushi: "No applicant was selected."