Redio za upepo kwa mawindo ya Marekani: anza kwa kuhesabu unawinda na nani

Paketi za redio za upepo kwenye maduka ya vifaa vya mawindo Marekani huandikwa kwa herufi kubwa: maili 35. Umbali huo, karibu kilomita 56, hupatikana mtu mmoja akiwa kileleni na mwenzake yuko bondeni, katikati pasiwe na chochote. Watu wawili wakisimama kwenye uwanda, kila mmoja na redio usawa wa uso, mviringo wa dunia peke yake huyakata mawimbi yapata kilomita 10, na hapo bado hatujaweka hata mti mmoja. Ndani ya msitu wenye vilima, tegemea kilomita 1 hadi 3. Nguvu ya redio nayo haileti miujiza: ukitoka wati 2 hadi 4 unaongeza umbali kidogo tu, huuzidishi mara mbili. Mita chache za kupanda mlima husaidia kuliko wati hizo.

Kwa hiyo usichague redio kwa maili za kwenye paketi. Chagua kwa kuangalia watu utakaokwenda nao, kwa sababu ndio wanaoamua leseni, na leseni ndiyo inayoamua redio.

Njia nyepesi ni FRS (Family Radio Service), huduma ya redio za mkononi za watu wa kawaida. Haihitaji leseni yoyote, chaneli zake ni 22, na tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2017 nguvu yake ni hadi wati 2, isipokuwa chaneli 8 hadi 14 ambazo hazivuki nusu wati. Antena ya FRS haitolewi; ukiona redio inayofunguka antena, hiyo si FRS hata muuzaji akisemaje. Kwa watu watatu wanne wanaowinda kulungu kwenye shamba moja, FRS inatosha kabisa.

GMRS (General Mobile Radio Service), huduma ya pili, hutumia chaneli hizohizo 22, lakini redio ya mkononi huruhusiwa hadi wati 5 kwenye chaneli 1 hadi 7, na kwenye 15 hadi 22 kikomo ni wati 50, kwa redio za kufunga kwenye gari. Chaneli 8 hadi 14 hubaki nusu wati kwa wote. Antena unaweza kubadilisha, na unaweza kupitia minara ya kurushia mawimbi, jambo ambalo FRS hairuhusiwi. Hapa sasa leseni ni lazima. Inatolewa na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, kwa dola 35, inadumu miaka 10, na haina mtihani. Masharti yanamtaka mwombaji awe na miaka 18 na asiwe mwakilishi wa serikali ya kigeni. Uraia si sharti. Fungua akaunti kwenye mfumo wa FCC uitwao CORES, upate FRN, namba yako ya usajili kwa FCC, kisha ingia kwenye mfumo wa leseni, ULS, uombe huduma yenye alama ZA na ulipe. Usiguse kitufe cha kuongea mpaka upewe alama yako ya wito, yaani herufi na namba za kukutambulisha hewani. Ukishaipata, itaje mwisho wa mazungumzo, na mazungumzo yakirefuka itaje kila baada ya dakika 15.

Leseni moja ya GMRS hutumiwa na familia yote, na hapa ndipo wasemaji wa Kiswahili wengi wanaweza kuteleza. Kwetu neno ndugu ni pana. Mtoto wa shangazi ni kaka, na mtu mliyetoka naye kijiji kimoja naye huitwa ndugu. Kanuni ya FCC imewataja watu wenyewe: mume au mke, watoto na wajukuu, watoto wa kambo, wazazi, wazazi wa kambo, babu na bibi, kaka na dada, wajomba, baba na mama wadogo na wakubwa, shangazi, wapwa, wakwe na mashemeji. Binamu hayumo. Rafiki hayumo. Binamu yako akishika redio yako ya GMRS na kuongea, anahitaji leseni yake mwenyewe.

Dawa ni rahisi na halali: yeye anunue FRS, wewe tumia GMRS. Mko kwenye masafa yaleyale, mtasikizana. Ila rekebisheni mambo matatu kabla ya safari. Kwanza, upana wa mawimbi: GMRS nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye upana mkubwa na FRS hutumia mdogo, kwa hiyo sauti yako hufika kwa mwenzako ikiwa imepasuka, na yake hukufikia hafifu. Weka redio yako kwenye upana mdogo. Pili, chaneli za mnara, ambazo aghalabu huandikwa 15R au RP15, hupokea kwenye megahetsi 462 na kurusha kwenye 467. Ukiwa hapo unamsikia mwenzako vizuri, yeye hakusikii kabisa, nanyi mtadhani redio imekufa. Tatu, ile misimbo inayoitwa ya faragha. Haifichi chochote, mtu yeyote kwenye chaneli hiyo anakusikia. Kazi yake ni kukuzibia sauti za wengine. Mmoja akiwa na msimbo na mwingine ana tofauti, mtakuwa bubu. Namba za misimbo hutofautiana kati ya watengenezaji, basi linganisheni toni yenyewe, ule mlio ulio nyuma ya msimbo, kwa hetsi, kwa mfano 67.0, au zimeni kabisa.

Kuna MURS (Multi-Use Radio Service) pia, huduma nyingine ya redio, haitajwi sana na ni hasara: chaneli 5 kati ya megahetsi 151 na 154, wati 2, hakuna leseni, antena ya kuongeza inaruhusiwa. Masafa yake ya chini hupenya majani vizuri kuliko yale ya 462. Upungufu wake ni kwamba baadhi ya kola za Garmin za kufuatilia mbwa hutumia chaneli hizo, hivyo panapowindwa kwa mbwa utasikia milio mingi.

Redio ya bei nafuu kama Baofeng UV-5R inafika masafa yote haya, lakini haijaidhinishwa kwa FRS, GMRS wala MURS. Ni ya wenye leseni ya redio ya ridhaa (amateur), na huko kila mtu hufanya mtihani wake: maswali 35, kufaulu ni 26.

Kuwa na leseni ya redio hakukupi ruhusa ya kuitumia kuwindia. Hiyo ni sheria ya jimbo. Minnesota inakataza kutumia redio kumpata mnyama. Alaska na Montana nazo zina makatazo yao. Soma kijitabu cha mawindo cha jimbo unalokwenda, cha mwaka huo, kabla hujamwambia mwenzako "amepita upande wako". Kutafuta aliyepotea ni jambo jingine. Na ukiwa peke yako mbali, usitegemee redio hizi kuita msaada: 911 haisikilizi FRS. Beba kifaa cha setilaiti.

Baridi ya Novemba huua betri kuliko kuongea. Redio inayokubali betri za AA ni bora, kwa sababu unaweza kuweka za lithiamu zisizochajiwa, ambazo hustahimili baridi kali. Za alkali huzimika mapema. Ile ya kuchajiwa ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Zima hali ya kujirusha kwa sauti, maana upepo ukivuma inafungua chaneli na kuwazibia wote, zima na mlio wa kumaliza kuongea, funga vitufe, na chomeka kisikilizio cha sikio moja.

Ukirudi likizo Tanzania au Kenya, ziache. Ruhusa ya FCC huishia Marekani. Nyumbani masafa yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na ni wao wa kuulizwa kabla hujapakia redio kwenye sanduku.