Kabla hamjaandika mpango mkakati wa shule za Kanisa, kaeni kwanza na wakuu wa shule

Siku hizi naulizwa sana na watu wa mashirika na maparokia huku Moshi, na wengine wananipigia kutoka Arusha, "Mwalimu tunaomba sampuli ya mpango mkakati, tunataka shule zetu zote ziende kwa mpango mmoja." Nia ni nzuri na naiunga mkono kabisa. Ila naomba kabla mtu hajafungua kompyuta akaanza kujaza majedwali asome haya kwanza, maana nimefundisha shule za Kanisa, nikashika taaluma, nikawa mkuu wa shule, na sasa nipo kwenye kamati inayohangaika na shule kadhaa kwa pamoja, na nilichokiona huko kote ni kwamba mpango unafuata watu. Mkuu wa shule akiwa ameandaliwa vizuri, karatasi nne zinamtosha. Akiwa kaletwa juzi na barua ya uhamisho, hajui hata shule inadaiwa na nani, kabrasha la kurasa mia halimsaidii kitu.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Ilipokuja Sheria ya Elimu ya 1969 shule za misheni zilitaifishwa kwa wingi, hata Pugu alikofundisha Mwalimu Nyerere ilienda, Kanisa likabaki zaidi na seminari. Kwa hiyo kwa miaka mingi uongozi wa shule tuliouzoea ulikuwa ule wa gombera, mkuu wa seminari, yaani anaishi palepale, vijana wake ni wachache na wamechujwa, wazazi hawamsumbui, na neno lake likishatoka limetoka. Baadae shule zilivoanza kufunguliwa tena, nyingi tukaziendesha kwa desturi ile ile. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapokwama mpaka leo, kwa sababu shule ya sasa mzazi analipa ada, anachagua, anahamisha mtoto kati ya muhula, na mwalimu naye anahama, na serikali imefuta ada kwenye shule zake kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu 2016, kisha cha tano na sita 2022. Huwezi kuongoza hali hiyo peke yako ukiwa umejifungia ofisini, hata uwe mtakatifu namna gani.

Sasa mtandao wenyewe wa shule hizi. Ukisema shule za Kikatoliki watu wanadhani mwenye shule ni mmoja, kumbe hii ni ya jimbo, ile ya parokia, ile ya masista, ile pale Ngaramtoni ya shirika la mapadre wenye makao yao kwingine kabisa. Sheria ya Kanisa kanuni ya 806 inampa Askofu haki ya kusimamia na kutembelea shule zote za Kikatoliki zilizopo jimboni kwake, hata zilizoanzishwa na mashirika, na hapo hapo inalinda uhuru wa shirika kuendesha mambo ya ndani ya shule yake. Someni hiyo kanuni pamoja mapema, msomee masista na mapadre wakiwepo, kwa sababu nimeshaona mipango mizuri inafia mezani baada ya watu kuhisi jimbo linataka kuwanyang'anya akaunti ya benki. Ushauri wangu, mpango wa pamoja ubebe yale tu ambayo shule moja haiwezi ikiwa peke yake. Mengine waachieni wenyewe.

Na hayo yatajulikanaje? Sisi tuliwaita wakuu wa shule kwenye ukumbi wa parokia, chai na maandazi mezani, kila mmoja akaambiwa aje na daftari la mahudhurio, daftari la stoo na orodha ya wanaodaiwa ada. Mgeni rasmi hakuwepo na hotuba hazikuwepo. Swali lilikuwa moja: kitu gani kikikosekana mwezi wa tatu shule yako inasimama? Wa kwanza akasema mwalimu wa fizikia, wa pili akasema fedha za mishahara, halafu sista mmoja wala hakusema kitu, akafungua daftari lake la stoo akalisogeza katikati ya meza, akaweka kidole kwenye mstari wa Agosti, kisha kwenye mstari wa Februari. Gunia la mahindi ni lile lile, bei mbali kabisa. Akasema, "Mwalimu, mimi Agosti sina hela, hela inakuja Januari wazazi wakilipa, na Januari mahindi yameshapanda." Wakuu wa shule wote wakaanza kufungua madaftari yao, na hali ikawa hiyo hiyo kila mahali.

Hilo ndilo likawa la kwanza kwenye mpango wetu, mfuko wa pamoja wa kununua mahindi na maharage wakati wa mavuno kule Babati, yahifadhiwe kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa wadudu wasiharibu nafaka, kila shule ichukue kwa awamu na kurejesha muhula wa kwanza. Maono na dhamira tuliandika baadae, tena kwa kifupi. Nasema hivi kwa sababu ukianza na dhamira watu wanaandika maneno mazuri wote wanakubaliana wanarudi nyumbani, lakini ukianza na daftari la stoo mtu anaanza kumwamini mwenzake, na bila kuaminiana hamtoki.

Halafu angalieni idadi ya watoto, hapa nawaomba sana msikurupuke. Sensa ya 2012 mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu kama milioni 1.64, sensa ya 2022 wakawa milioni 1.86. Arusha miaka hiyo hiyo imetoka milioni 1.69 ikafika milioni 2.36. Maana yake shule iliyoko mlimani Kibosho au Uru na shule iliyoko Usa River kule Arusha haziwezi kuwa na mpango unaofanana wa kuongeza mikondo. Huku mlimani vijana wameshuka, nyumba nyingi wamebaki bibi na babu, na kila kata ina sekondari yake ya serikali toka ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza 2004. Sasa muumini akijitolea kiwanja tunaona ni ishara tujenge shule nyingine, wakati kilomita chache kutoka hapo ipo shule yetu wenyewe yenye vitanda vitupu. Mpango wa mtandao uwe na ujasiri wa kusema hapa hatujengi, na hizi mbili zinaweza kugawana kazi, moja ichukue sayansi, nyingine mkondo wa amali, yaani wa ufundi, ambao mtaala mpya umeuleta.

Na kuna 2028. Hili nalisisitiza kila kikao, watu wanaitikia kisha wanasahau. Kwa mtaala ulioboreshwa elimu ya msingi inashuka kuwa miaka sita, kwa hiyo mwaka 2027 watamaliza darasa la saba la mtaala wa zamani pamoja na darasa la sita la mtaala mpya, na Januari 2028 makundi yote mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Wimbi hilo ni la mara moja, litapita kidato kwa kidato mpaka litoke kidato cha nne 2031. Anayejenga bweni kubwa kwa ajili ya hilo peke yake ajiulize 2032 atalala nani humo. Sisi tumependekeza kumbi zinazoweza kugawanywa kuwa madarasa na baadae zikarudi kuwa maabara au bwalo, na tumeomba kila shule iseme mapema itapokea wangapi ili tusigombanie watoto, wala tusije tukawaacha wengine nje kabisa. Pia wale wa darasa la sita watakuwa wadogo kwa umri kuliko wenzao. Matroni na patroni waandaliwe kwa hilo, mtoto wa miaka kumi na mbili bwenini anahitaji mtu wa kumwangalia usiku.

Kuhusu walimu sitasema sana, kila mkuu wa shule anajua maumivu yake. Majina ya ajira za serikali yakitoka, mwalimu wa hesabu anaaga Ijumaa, Jumatatu kidato cha nne hakina mtu. Tusiwalaumu, kijana anatafuta uhakika wa maisha. Tunachoweza ni kuhakikisha mikataba yao imeandikwa, michango ya NSSF inapelekwa kweli kila mwezi (kuna shule inakata kwenye mshahara halafu haipeleki, jamani hiyo ni dhambi), na shule za njia moja kugawana mwalimu wa fizikia, siku mbili huku, siku tatu kule. Tunayo MWECAU, Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge, hapa hapa Moshi, chuo cha Baraza la Maaskofu kinachofundisha walimu. Shule za mtandao zikiomba kwa pamoja wanafunzi wa mazoezi, mnawajua vijana wazuri mapema na mnawaajiri kabla hawajatawanyika. Mitihani ya ujirani mwema, ile shule jirani zinafanya pamoja, nayo msiiache, lakini majibu yake yatumike kuwakutanisha walimu wa somo moja wasahihishe pamoja, isiwe ya kupanga shule nani wa kwanza nani wa mwisho.

Sasa nirudi kwa viongozi, maana huko ndiko roho yangu ilipo.

Shule zetu nyingi mkuu wa shule ni mtawa au padre. Barua inatoka kwa Mama Mkuu au kwa Askofu, na utii ni utii, sibishani na hilo hata kidogo. Ila nimeshuhudia makabidhiano kwenye shule moja, siitaji jina, yaliyochukua muda wa kunywa soda. Anayeondoka kaweka mezani bunda la funguo, muhuri na kitabu cha hundi, wakasali, gari likaondoka. Mkuu mpya alikaa miezi anagundua jambo moja moja: kwamba kuna mwalimu aliahidiwa nyongeza kwa mdomo, kwamba duka la vifaa mjini linadai, kwamba wadhibiti ubora, wakaguzi wa shule wa serikali, walishaandika kuhusu vyoo vya wasichana na hakuna aliyejibu. Nilimwonea huruma sana yule sista. Alikuwa mwalimu mzuri wa biolojia, mchapakazi, na hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamwonyesha bajeti inasomwaje.

Kwa hiyo kwenye mpango wenu wekeni haya kabla ya majengo. Wenye shule wote wakubaliane kwamba uhamisho wa mkuu wa shule utajulikana angalau muhula mmoja kabla, na mpya aje akae na anayeondoka, waende wote benki, waende wote kwa afisa elimu, wakutane na bodi. Pawe na faili la makabidhiano lenye madeni yote, ahadi zote hata za mdomo, ripoti ya mwisho ya udhibiti ubora, mikataba na hali ya NSSF ya kila mfanyakazi, hati ya kiwanja iko wapi, na ukurasa mmoja ambao mkuu anayeondoka anaandika kwa mkono wake yale anayoyajua kuhusu watu: mwalimu gani anauguliwa, mtoto gani amefiwa na analipiwa na nani. Huo ukurasa una thamani kuliko majedwali yote.

Na kila shule iwe na msaidizi anayeandaliwa kwa makusudi. Makamu mkuu wa shule akabidhiwe bajeti muhula mzima, aongoze kikao cha wazazi wakati mkuu yupo amekaa pembeni anasikiliza, apelekwe kozi za uongozi wa elimu pale ADEM Bagamoyo, wakala wa serikali wa mafunzo ya uongozi wa elimu, kama fedha ipo. Wapeni nafasi walei pia. Ninawajua akina mama walimu, hodari kweli, wanabaki wameshika taaluma miaka nenda rudi, wanafundisha kila mkuu mpya kazi yake, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama wangependa kuongoza. Kanisa linawahitaji. Karama ya shule haipotei mlei akiiongoza, inapotea pale ambapo hakuna aliyefundishwa karama yenyewe ni ipi, awe mtawa au mlei.

Meneja anayemwakilisha mwenye shule, bodi na mkuu wa shule nao waandikiwe mipaka yao, nani anasaini nini na mpaka kiasi gani. Ukurasa mmoja unatosha, kaeni muumalize kwa siku moja.

Kwa upande wa ratiba, wakuu wa shule wakae Agosti, kabla Septemba haijaingia na mitihani ya darasa la saba na mahafali. Rasimu irudi shuleni Oktoba walimu waisome na waikosoe, Novemba wenye shule wasaini pamoja na bajeti. Halafu kikao cha kuupima mpango kifanyike Juni, kidato cha sita wameshamaliza na cha tano hawajaripoti. Kwenye hicho kikao cha Juni makamu waje pia, wakae mezani na madaftari yao. Shule mwachieni mwalimu wa zamu kwa siku hiyo moja, naye ajifunze.