Kwa kuchu (Mganda anayependa watu wa jinsia yake) anayelipa ada za ukoo mzima

Ulipata alama 4, za juu kabisa, kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda, ukaingia Makerere kwa udhamini wa serikali, na sasa simu yako ndiyo inayosomesha watoto wa ukoo. Huenda bidii hiyo ina kazi ya pili: siku wakijua wewe ni nani, wawe na sababu ya kutokukutupa.

Hauko peke yako. Mwaka 2013, Pachankis na Hatzenbuehler walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa kiume wa vyuo vikuu Marekani. Mashoga walitegemeza thamani yao kwenye masomo, sura na ushindani kuliko wenzao, na waliojificha miaka mingi walizidi. Uganda, chini ya sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja yenye kifungo cha maisha, kujificha ni kinga na hatumwambii mtu aache. Ila kujificha ni jambo moja, kulipa fidia ya kosa ambalo hukulitenda ni jingine.

Anza na pesa. Kabla mshahara haujaingia, panga kiasi cha nyumbani kisichokulazimu kukopa. Kwa mshahara wa shilingi 1,200,000, tuseme 250,000. Ada ilipe shuleni moja kwa moja. Mjomba akipiga, usitaje kiasi papo hapo: "Nimekusikia mjomba, nitakupigia Jumamosi." Wengi hukwama hapa. Hofu hutulia mara tu unapotamka ndiyo, na utulivu huo ndio unaokufanya ukubali tena mwezi ujao. Acha hofu ipande, ishuke yenyewe. Huenda mjomba akanuna siku mbili tatu, kisha akaulizia afya yako.

Kazini, zoea kutosaka ukamilifu: chagua kitu kidogo, kama ripoti ya wiki. Weka kipimo kabla ya kuanza: kurasa mbili, saa moja na nusu, kusahihisha mara moja. Muda ukiisha, tuma. Usiku utatamani kuifungua, subiri asubuhi. Kufanya hivi kwa kazi mbili ndogo kwa wiki kunatosha, la sivyo nako kunageuka mtihani wa kufaulu.

Maendeleo yako yaandike kwenye daftari la matumizi kwa alama tu. Simu hupekuliwa.

Usingizi ukikatika wiki mbili, tafuta mshauri kupitia rafiki unayemwamini; mawazo ya kujiua yakija, usingoje hata siku moja. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha sheria hiyo kilicholazimisha watu kuwaripoti polisi wanaoshukiwa, lakini bado mchunguze mshauri kwanza kama anaaminika. Unaweza kuanza na uchovu na shinikizo la kuoa, bila kutaja zaidi. Muulize anaandika nini kwenye faili lako, na nani mwingine hulisoma.